Imeokolewa kwa Ajili ya Nani?

Diski ninayo. Iko hapa mezani ninapoandika, kando ya kikombe cha chai. Ni Soleil Ô ya Med Hondo, imo ndani ya boksi zito lenye filamu sita: ya Kuba, ya Indonesia, ya Brazil, ya Meksiko, ya Mauritania na ya Iran. Boksi hilo lilitolewa Marekani mwaka 2020 na kampuni ya Criterion, na bei yake ilipita dola 100. Binamu yangu, muuguzi huko Minnesota, alinibebea alipokuja Krismasi. Nilimlipa pole pole, kwa pesa za makala tatu na kazi moja ya kutafsiri tangazo la dawa ya mende.

Kisha nikaenda Luthuli Avenue kusaka mashine ya Blu-ray. Siku hizi ni adimu. Nilizunguka maduka karibu yote ya ghorofa mbili ndipo nikapata moja, eksi-UK, ina mikwaruzo lakini inawaka. Nilimuuliza muuzaji kama itacheza diski za Marekani.

"Boss wangu, hii ni ya majuu. Haichagui."

Jioni nikaita majirani. Mama wa nyumba namba sita akaja na mwanawe, na fundi wa viatu wa pale getini akaja na kiti chake. Nikachomeka nyaya, nikatumbukiza diski, tukangoja. Kioo cha TV kikaandika kwamba diski hii haiwezi kuchezwa katika eneo hili.

Kumbe inachagua.

Wacha nieleze huu uchaguzi, maana nilipoanza kukusanya filamu hakuna aliyenieleza. Waliobuni Blu-ray waliikata dunia vipande vitatu. A ni Amerika yote, Japani, Korea na majirani zao. B ni Ulaya, Mashariki ya Kati, Australia na Afrika. C ni China, India, Urusi na wengineo. Diski iliyofungwa kwa eneo A haifunguki kwenye mashine ya eneo B. DVD nayo ilikatiwa dunia vipande sita na sisi tukatupwa cha tano, ila mashine za DVD za bei ya chini tulizonunua hapa mjini hazikujali, zilicheza chochote ulichozilisha. Blu-ray haina huruma hiyo.

Kwa hivyo mambo yako hivi. Filamu ya Mwafrika imekarabatiwa katika mradi wenye jina la Afrika, halafu ikatiwa kwenye diski ambayo mashine yoyote iliyotengenezewa Afrika ni lazima iikatae.

Na filamu yenyewe, ucheke ama ulie, inahusu nini? Inahusu mtu mweusi anayefika Paris akiamini anakwenda kwa ndugu, kwa sababu shuleni alifundishwa hivyo. Anatafuta kazi, anafungiwa mlango. Anatafuta nyumba, anafungiwa mlango. Hondo aliitoa mwaka 1970. Sasa sisi ndio tunaogonga mlango kuingia kwenye filamu yake.

Najua mtu ameshaanza kunijibu: kijana, shukuru. Nashukuru. Sina ugomvi na mafundi wa Bologna. Mwaka 2017 wakfu wa The Film Foundation ulioanzishwa na Martin Scorsese, muungano wa watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI, UNESCO na maktaba ya filamu ya Bologna walianzisha mradi wa kuokoa urithi wa filamu za Afrika, lengo la kwanza likiwa filamu 50. Soleil Ô ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, na Hondo mwenyewe alikuwa bado hai kuona kazi hiyo. Alifariki Machi 2019. Kabla ya hapo Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya 1973, ilikuwa imekarabatiwa huko huko mwaka 2008. Baadaye zikafuata nyingine, ikiwemo Sambizanga ya Sarah Maldoror ya 1972.

Kazi yenyewe si mchezo. Mkanda wa filamu wa enzi hizo huoza. Ukiuweka kwenye joto na unyevu unaanza kutoa asidi, na ukifungua mkebe unapigwa na harufu ya siki. Unajikunja, rangi zinahama, na mkanda mmoja huambukiza wa jirani yake. Dawa ni baridi na ukavu, miaka nenda miaka rudi, na bili ya stima inayolipwa bila kukosa. Ukarabati nao ni kutafuta mkanda bora zaidi uliobaki, kuuosha, kuuskani picha moja baada ya nyingine, kufuta mikwaruzo, kurudisha rangi na sauti. Saa moja ya filamu ni picha 86,400. Wanaofanya hivyo nawavulia kofia.

Hata swali la kwa nini mikanda yetu iko kwao lina jibu la kawaida. Maabara za kusafisha filamu zilikuwa Paris na London, kwa hivyo filamu ikipigwa Dakar mkanda ulipandishwa ndege, na mara nyingi negativu ilibaki huko huko. Uonevu wa zamani ukageuka bahati, tufanyeje.

Lakini kuna neno moja ambalo limeanza kunikera: "imeokolewa". Katika kundi letu dogo la wakusanyaji hapa Nairobi, watu wasiozidi tisa, hilo ndilo neno la kila Jumapili. Mmoja anangoja Sarraounia, ile Hondo aliyoshinda nayo tuzo kuu ya FESPACO mwaka 1987. Mwingine anaomba Mambéty aliyosafishwa upya, mwingine Sembène wa 4K. Habari ikija kwamba filamu fulani imeokolewa, tunashangilia kama Gor wamefunga. Hatuulizi imeokolewa kwa ajili ya nani. Mtu akiokolewa kutoka mtoni, anarudishwa kwao. Hawamfungii kabatini ng'ambo ya pili wakamtumia mama yake picha.

Ndiyo, najua, filamu hizi zimeonyeshwa Ouagadougou pia. Nimefurahi kwa ajili ya Ouagadougou. Ila tamasha si mtaa. Anayefika tamashani ni yule mwenye nauli na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Niliwahi kuwa chuo kikuu, nikatoka mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Kabla ya kutoka nilisoma somo la filamu za Afrika. Muhula mzima tulimsoma Ousmane Sembène. Tulifundishwa kwamba aliandika riwaya kwanza, akaona wengi wa watu wake hawawezi kuzisoma, akageukia kamera. Tulifundishwa kwamba mwaka 1968 alitengeneza Mandabi kwa Kiwolofu ili watu wa kwao wamwelewe. Hatukuonyeshwa Mandabi. Hatukuonyeshwa hata dakika moja ya filamu yake yoyote. Mhadhiri, ambaye simlaumu, alikuwa na picha nne alizozitoa fotokopi mpaka nyuso zikawa madoa meusi. Mtihani ulipokuja tuliulizwa tuchambue matumizi ya mwanga katika La Noire de… Nilipata B. Nilichambua mwanga wa filamu ambayo sikuwa nimeiona, na aliyesahihisha, nadhani, naye alikuwa hajaiona.

Touki Bouki niliiona kwa mara ya kwanza kwenye flashi ya jamaa aliyekuwa akituuzia filamu nje ya hosteli, 50 bob. Ilikuwa ya wizi. Sina haja ya kuficha. Picha ilikuwa safi ajabu, na baadaye ndipo nilipojua kwamba usafi ule ulitoka Bologna. Kwa maneno mengine, kazi ya wale mafundi ilinifikia kupitia mwizi, kwa sababu mwenye duka hakuja. Ninaposikia watu wakilia kuhusu uharamia Afrika, huwa nataka kuuliza: nikitaka kulipa, nilipe wapi?

Hapa ndipo wanaponieleza habari za haki. Kufuli za maeneo, wanasema, zipo kwa sababu haki za kuuza filamu hugawanywa nchi kwa nchi, na muuzaji wa Marekani hawezi kuuza kwenye eneo la mwingine. Sawa. Ukifungia diski ya Marekani isiuzwe Uingereza, unamlinda muuzaji wa Uingereza. Na kweli yupo: taasisi ya filamu ya huko, BFI, ilitoa La Noire de… mwaka 2015 kwa ajili ya watu wake. Nionyesheni basi yule muuzaji wa Nairobi anayelindwa. Nionyesheni duka lake, niende kesho asubuhi. Mimi sijaliona. Kufuli limetiwa kwenye mlango wa duka ambalo halijajengwa.

Halafu kuna jibu la pili, na hili hutoka kwa Wakenya wenzangu, tena wasomi. Ati watu wetu hawataki filamu za zamani. Ati mwananchi anataka ngumi na risasi, hawezi kukaa na filamu ya Kiwolofu ya mwaka 1968.

Nendeni kibanda chochote cha video mkamsikilize DJ Afro. Huyu bwana anachukua filamu ya Hong Kong au ya Bollywood, lugha ambayo hakuna mtu kibandani anaijua, anaisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, na watu wanajaa mpaka mlangoni. Nimekua nikimsikiliza. Filamu nilizoziona utotoni nyingi hazikuwa za lugha yangu wala za nchi yangu, na nilizielewa zote, kwa sababu kuna mtu alijitolea kuzungumza nami. Watu hawakatai kigeni. Wanakataa kupuuzwa. Diski yangu ya Soleil Ô ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Ya Kiswahili hakuna, ingawa lugha hii ina wasemaji kutoka Lamu hadi Lubumbashi.

Na Med Hondo angelielewa hili kuliko yeyote. Mnajua alikula nini alipokosa pesa za filamu? Alitia sauti filamu za Wamarekani. Kwa miaka mingi Eddie Murphy alizungumza Kifaransa kwa koo la Hondo, na yule punda wa Shrek pia. Kwa hivyo Ufaransa ilipomtaka Eddie Murphy aseme lugha yao, ilimlipa Mwafrika amsemeshe. Na sasa hakuna anayeona haja ya kumlipa mtu amsemeshe Hondo Kiswahili.

Lakini nisiwapige wageni peke yao. Mwaka jana niliamua kutafuta filamu mbili za hapa kwetu: Kolormask ya Sao Gamba, ya 1986, na Saikati ya Anne Mungai, ya 1992. Sikuwa nikitaka diski. Nilitaka kuziona tu, hata kama ni kwa kukaa kwenye benchi ofisini. Nilikwenda ofisi moja ya umma. Nikatumwa ya pili, nikatumwa ya tatu, nikarudishwa ya kwanza. Mwishowe mama mmoja wa mapokezi, mpole kweli, akanihurumia. "Kijana wangu, hiyo si iko kwa intaneti?" Nikamwambia nilitarajia serikali ndiyo iwe nayo. Akacheka mpaka akavua miwani.

Sisi ni hodari wa kulinda watu wasione. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes. Nyumbani ikapigwa marufuku, hadi mahakama ilipoiruhusu ionyeshwe siku saba. Marufuku tunaiandika haraka na kwa mhuri. Orodha ya filamu zetu, kila moja na mahali mkanda wake ulipo na hali yake, nimeiomba na sijapewa.

Wapo wanaodai mikanda yote irudishwe Afrika kesho. Mimi siwaungi mkono. Irudishwe wapi? Kwenye stoo gani, yenye stima gani? Mkanda wa Hondo ubaki kwenye baridi yake mpaka tuwe na baridi yetu. Ninachodai ni nakala. Ukarabati ukishaisha, nakala haihitaji friji, inaingia mfukoni.

Kwa hivyo kila filamu ya Afrika inayokarabatiwa kwa jina la urithi wa Afrika itolewe kwenye diski isiyo na kufuli. Jambo hilo linawezekana; diski za 4K hazina kufuli ya maeneo kabisa. Nakala itolewe bure kwa shule, maktaba na vibanda vya video vya bara hili, na ruhusa ya kuonyesha iandikwe kwenye karatasi ili askari wa kaunti asitusumbue. Na pesa za maandishi ya Kiswahili, Kihausa, Kiamhari, ziwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pale zinapowekwa za Kiingereza. Kwa upande wetu, serikali itoe hiyo orodha. Chumba cha baridi tutakidai kesho yake.

Na sisi wakusanyaji tuache kupiga rafu zetu picha. Boksi langu likikaa kabatini nalo ni gereza jingine, dogo tu.

Usiku ule majirani walipoondoka, mama wa namba sita aliniuliza filamu ile ilikuwa ya kina nani. Nikamwambia ni ya Mwafrika, wa Mauritania. Akaiangalia ile TV yenye maandishi, akaniuliza kama nitarudishiwa pesa.

Sikurudishiwa. Nimeipata Soleil Ô kwa njia zile zile za hosteli, na ninaiandikia maandishi ya Kiswahili mwenyewe, sentensi kwa sentensi, usiku nikimaliza kazi za watu. Nimefika dakika ya 31. Nikimaliza, fundi wa viatu na kiti chake wataalikwa tena. Mwenye haki akija kunishtaki namkaribisha, aje na karatasi zake zote. Mimi nitakuja na ile mashine ya eksi-UK, itoe ushahidi.