Usiionee Haya Miguu Yako

Asubuhi ya mwezi wa Julai, ukungu ungali umevifunika vilima vya Njombe, watoto wengi huonekana njiani wakienda shule kwa miguu. Mara hupita pikipiki imembeba mwenzao, naye huwapungia mkono. Hapo baadhi yao huinamisha vichwa, wakidhani ya kuwa kwenda kwa miguu ni alama ya umaskini. Mimi nasema wamekosea, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, fikirini kazi ya moyo. Moyo ni msuli, na kila msuli hupata nguvu kwa kutumiwa. Mtu aendapo kwa haraka, moyo hupiga upesi, mapafu huvuta hewa nyingi, na misuli ya miguu huisukuma damu irudi juu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na njia zake ni za kupanda na kushuka. Kwa hiyo hata mwendo mfupi huutia mwili joto.

Pili, jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kitini mchana kutwa, bali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ikaonekana ya kuwa makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Basi lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kukaa na kwenda.

Tatu, Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba watoto wa miaka 5 hata 17 wautumikishe mwili kwa bidii muda wa dakika 60 kila siku. Basi mtoto aendaye shule kwa nusu saa, na kurudi kwa nusu saa, amekwisha kukitimiza kipimo hicho bila kutoa hata shilingi moja. Lakini asijikokote. Mwendo ufaao ni ule ambao mtu aweza kuzungumza, walakini hawezi kuimba.

Wala sisemi kwamba kila mwendo ni mwema. Mtoto atembeaye saa mbili na njaa tumboni hafanyi mazoezi. Anachoka tu, na wakubwa wana wajibu wa kumsaidia. Tena barabara zina hatari, hasa ile barabara kuu ipitayo Makambako yenye malori mengi. Shikeni upande wa kulia, mpate kuyaona magari yanayowajia, na wakati wa ukungu vaeni nguo nyeupe.

Huenda siku moja nanyi mtapata pikipiki au gari. Siku hiyo ndiyo ya kujihadhari. Watu wazima wengi, walipokwisha kupata chombo, waliacha kutembea hata kwenda dukani. Na kisukari na shinikizo la damu huwapata upesi zaidi wasioutumia mwili. Chombo ni chema kwa safari ndefu na mizigo mizito. Kwa safari fupi, mwatosha wenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba. Afya ya uzeeni huwekwa akiba tangu utoto, hatua kwa hatua. Kwa hiyo pikipiki ipitapo kesho, inueni vichwa, mpungieni mwenzenu mkono, kisha mwendelee na njia yenu.