Makobola: Ugomvi wa programu usifute majina ya watu wetu

Kila tarehe 30 Desemba, wakaaji wa Makobola, katika teritware ya Fizi, wanawakumbuka wapendwa wao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile tunayoiita Mapping, inasema kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola II, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Hata watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliuawa.

Lakini "zaidi ya 800" ni hesabu, si majina. Na mbele ya sheria, jina ndilo linalosema.

Tukumbuke yaliyotokea La Haye. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 juu ya vita vya miaka ile. Inchi yetu ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Congo ilitaja wafu 180 000. Mahakama ikasema ushahidi uliopo unaonyesha kati ya 10 000 na 15 000. Kesi hiyo haikuhusu Makobola, lakini funzo lake linatuhusu sote: asiyekuwa na orodha iliyo wazi, wengine wanamkadiria.

Tangu sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022, inchi yetu ina njia ya kuwatambua wahanga na kuwalipa fidia, na mfuko wa FONAREV uliwekwa kwa kazi hiyo. Wahanga wataandikwa. Orodha za zamani zitatolewa sandukuni: daftari za familia, za makanisa, za mashirika ya raia. Halafu kijana mmoja mwenye kompyuta ataambiwa, "Unganisha." Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo wengi wanaliona kuwa dogo.

Niliketi siku moja na vijana wawili waliokuwa wakiunganisha orodha za shirika fulani. Sehemu moja ya majina ilikuwa katika hazina ya data ya PostgreSQL. Sehemu nyingine, fomu zilizojazwa kwa simu, ilikuwa katika MongoDB. Waliambiwa watumie Spark, programu inayochambua data nyingi kwa kugawa kazi kati ya mashini nyingi. Spark yenyewe haizungumzi na kila hazina. Inahitaji mkalimani, yaani faili dogo la kiunganishi, na kila hazina ina mkalimani wake.

Mara ya kwanza mashini ilisema "No suitable driver". Maana yake ni kwamba mkalimani wa PostgreSQL hakuwapo mahali Spark inapomtafuta. Wakamleta. Mara ya pili ikasema "NoSuchMethodError". Hapo mkalimani wa MongoDB alikuwapo, lakini hakuwa wa toleo lile. Spark yao, toleo 3.5, ilijengwa juu ya Scala 2.12, na kiunganishi walichopakua kilijengwa kwa Scala 2.13. Ni kama kununua kipuri cha pikipiki kinachofanana kabisa na cha zamani, ukifika nyumbani unaona tundu la skrubu halilingani.

Walifanya nini? Kile ambacho wengi tunafanya. Walipakua faili moja, halafu lingine, halafu la tatu, wakayatupa yote katika folda moja. Mega zikaisha, wakanunua zingine. Kurenti ikakatika, wakangoja. Usiku, kazi ikapita. Wakafurahi, wakalala. Hakuna aliyeandika ni faili gani lililoponya. Miezi mitatu baadaye kompyuta ile iliharibika, wakapewa nyingine, na kazi ikakataa tena. Mmoja wao alikuwa amekwisha kwenda Bujumbura kutafuta maisha. Orodha iliyounganishwa ikabaki katika karatasi moja iliyochapwa, ambayo hakuna aliyeweza kuitengeneza tena wala kuieleza.

Siwalaumu vijana wale. Ninalaumu desturi yetu ya kushangilia kazi ikipita bila kuuliza imepita namna gani. Karatasi ile ikipelekwa mbele ya hakimu, naye akiuliza "Jina hili mmelitoa wapi?", nani atajibu?

Kosa linalopiga kelele ni rafiki, kwa sababu linakusimamisha. Linaloua ni lile la kimya. Saa yetu ya Kivu iko mbele ya saa ya dunia kwa saa mbili. Tarehe iliyoandikwa kama 30 Desemba 1998, saa sita ya usiku kwa saa yetu, ikipita katika kiunganishi kilichowekwa kwa saa ya dunia, inaweza kutoka upande wa pili kama 29 Desemba, saa nne ya usiku. Mashini haitalalamika. Lakini mtu aliyeuawa siku ya kwanza ya mauaji atakuwa ameandikwa kwamba alikufa kabla hayajaanza, na wakili wa upande wa pili hatakosa kuliona.

Basi tufanye namna gani? Kwanza, tusome ujumbe wa kosa mpaka mwisho, maana sababu ya kweli mara nyingi iko chini, pale panapoandikwa "Caused by". Pili, kabla ya kupakua kitu chochote, tuandike matoleo manne: la Java, la Scala, la Spark na la kiunganishi. Jina la kiunganishi cha Spark mara nyingi linabeba toleo la Scala mwishoni, 2.12 au 2.13, lilingane na la Spark. Tatu, tusirundike mafaili. Maktaba moja ikiwa katika matoleo mawili, mashini itachukua mojawapo, na huenda isiwe ile unayotaka. Watumiaji wa Maven wana amri ya "dependency:tree", inayoonyesha nani ameleta nani. Aliye wa ziada anaondolewa kwa jina lake. Nne, kazi ikipita, matoleo yale yafungwe katika faili moja, nakala yake ikae mahali pengine, na mtu wa pili ajaribu kuirudia kazi yote kwenye kompyuta nyingine. Kama hawezi, kazi haijaisha.

Tena kuna swali linalotangulia yote: Spark ilihitajika kweli? Daftari la wachaguzi la mwaka 2023 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 43. Hapo chombo kikubwa kina sababu. Majina ya Makobola ni mamia. Hata majina elfu kumi, PostgreSQL peke yake ingeyabeba kwenye kompyuta ya zamani, bila ugomvi wa matoleo. Mara nyingi chombo kikubwa kinakuja kwetu kwa sababu kinapendeza katika ripoti ya mradi. Hatutumi lori kwenda kuchota ndoo moja ya maji ziwani.

Najua kuna watakaosema: watu wanataka usalama na barabara, wewe unaleta habari za Scala. Ni kweli, usalama unatangulia. Lakini siku ya kuhesabiana inakuja, na haitangoja tujifunze. Na kazi yenyewe ina magumu yake bila sisi kuongeza mengine. Kuna Makobola I upande wa Uvira na Makobola II upande wa Fizi; orodha inayoandika "Makobola" tu imekwisha kuchanganya teritware mbili. Wilondja wa daftari hili anaweza kuwa Wilonja wa daftari lile, au wakawa watu wawili. Kompyuta haitajua. Mama mzee wa Bangwe atajua, akiulizwa angali hai.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Mashirika yanayokusanya majina huku kwetu yaache kwa wakaaji nakala ya orodha pamoja na karatasi ya matoleo, si matokeo peke yake. Wanaolipia kazi hizi wasihesabu kazi kuwa imekwisha kabla kijana wa hapa hapa, Baraka au Fizi, hajairudia mwenyewe kwa mikono yake. Na ninyi vijana wa kompyuta, siku kazi itakapopita usiku wa manane, msilale kwanza. Chukueni kalamu, mwandike mmeponya nini, kwa toleo gani, tarehe gani.

Wazazi wetu waliandika majina ya wafu katika daftari za shule, na daftari zile bado zinasomeka. Itakuwa aibu kubwa kama tutayapoteza sisi, wenye mashini.