Waya, Mawimbi na Amana ya Nyumba



Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyehamia Awendo kwa biashara, alinipigia simu kuuliza jambo ambalo huenda mkalidhani si la sheikh. Wanawe wawili husomeshwa Qur'ani kwa intaneti na ustadhi aliyeko Lamu. Ruta iko sebuleni. Watoto husomea chumba cha uani, kilichojitenga na nyumba. Kila wafikapo katikati ya aya, sauti hukatika, na ustadhi hawezi kusahihisha herufi asizozisikia. Je, anunue kifaa cha pili cha waifai, au avute waya?

Nilimwambia kwamba mawimbi hudhoofishwa na kila ukuta, na mabati huyarudisha yalikotoka. Simu itembeayo nyumbani haina budi kuyategemea. Kompyuta isiyoondoka mezani yafaa ipewe waya. Hata intaneti tuionayo kuwa ni ya hewani hutujia kwa waya: kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009.

Ikiwa matundu ya ruta yamejaa, swichi ya kawaida ya matundu 5, yenye kasi ya gigabiti, yatosha. Tusidanganyike: swichi hugawa tu, haiongezi kasi tunayoilipia. Waya uwe wa Cat5e au Cat6, wa shaba tupu, wala usizidi mita 100. Ukikwangua uzi wake kwa kisu ukaona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie muuzaji.

Kisha nikampa tahadhari. Nchi zile za karibu na Ziwa Viktoria zina radi nyingi. Waya wa shaba utokao jengo moja hadi jingine waweza kupitisha nguvu za radi, na mwisho wake ameketi mtoto. Baina ya majengo itumike faiba isiyo na chuma ndani yake, kwani kioo hakipitishi umeme. Ama watoto wahamie sebuleni. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola.

Alichagua sebule. Waya wa mita chache ulitosha, na swichi hakuinunua. Wiki iliyofuata alinipigia tena, si kwa habari ya waya. Alisema kwamba kwa miezi yote ile alikuwa akilipa ada ya ustadhi, na hakuwahi kumsikia mwanawe mdogo akisoma. Sasa humsikia kila jioni, na mama yao humsahihisha kutoka jikoni.

Wazazi wenzangu, kabla ya kutafuta kifaa kitakachofikisha mawimbi hadi chumba cha mbali, tujiulize kwa nini watoto wetu wamekaa huko peke yao.

Wabillahi tawfiq.