Tiba ya Kusikiliza Isiwe ya Wenye Pesa Peke Yao



Ndugu zetu wazazi, nanyi vijana wanafunzi, leo tumeona tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa. Tulikuwa na mtoto darasani kwetu hapa Buyenzi, umri wake miaka saba hivi. Wenzake wakianza kusoma kwa pamoja, sauti arubaini kwa mpigo, yeye anaziba masikio, anaingia chini ya benchi na kulia. Ukimwita jina hageuki. Sisi waalimu tulimhesabu mkaidi na fimbo ikatumika, na hilo tunalisema kwa aibu mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya mama yake. Kisha majirani wakasema ana jini, akazungushwa kwa waganga mpaka mama akauza cherehani yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza: huyu mtoto anasikia nini?

Ni muuguzi mmoja aliyekuja kutueleza habari ya usonji, kwamba kuna watoto ambao sauti ya kawaida kwetu huwafikia kama kelele ya kiwanda. Ndipo tukaanza kusoma, na ndipo tukakutana na hii inayoitwa tiba ya kusikiliza muziki.

Ndugu msomaji, fahamu kwamba chini ya jina hilo kuna vitu viwili, na wauzaji hupenda kuvichanganya. Cha kwanza kilianzishwa na daktari Mfaransa, Alfred Tomatis. Mtoto huvalishwa hedifoni, akasikilizishwa muziki uliochujwa kwa mashine, baadhi ya sauti zimepunguzwa na nyingine zimeongezwa, kwa saa nyingi na siku nyingi. Mfaransa mwingine, Guy Bérard, naye alitengeneza njia yake inayofanana na hiyo. Gharama zake huko Ulaya na Marekani huhesabiwa kwa mamia ya dola na mara nyingi hupita elfu moja. Cha pili ni mtu aliyesomea kazi hiyo kukaa na mtoto, ana kwa ana. Mtoto akigonga ngoma mara mbili, naye anamjibu mara mbili. Akinyamaza, naye ananyamaza. Polepole mtoto anajifunza kwamba upande wa pili kuna mwenzake anayemsikiliza.

Sasa kipi kinafaa? Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa matibabu, lilitazama mashine hizo mwaka 2011. Likakuta tafiti 7 zenye watu 182, na halikupata ushahidi wa kutosha wa kuzitetea. Mwaka 2022 likatazama tiba ya muziki ya ana kwa ana kwa wenye usonji: tafiti 26, watu 1,165. Hapo likasema kwamba inaelekea inamsaidia mtoto kupata nafuu kwa jumla na kuishi vizuri zaidi, ingawa haikuonekana wazi kwamba inamwongezea maneno. Si muujiza, lakini ni kitu. Kwa hiyo tukisema tiba hii ipunguzwe bei na isambazwe, hatuna maana ya kuagiza hedifoni za bei ghali kutoka Ulaya. Tunachotaka kipatikane kwa wingi ni mtu aliyefunzwa.

Tunajua kuna atakayeuliza: Ustadh, muziki tena? Khitilafu ya maulamaa katika ala za muziki ni ya kale na hatutaimaliza hapa. Wengi walikataza. Ibn Hazm aliruhusu, na Imam Ghazali aliandika kwa kirefu katika Ihya kuhusu kusikiliza, akitenganisha hali na hali. Dufu siku ya Idi katika nyumba ya Bibi Aisha (r.a.) ni hadithi inayojulikana na kila mwanafunzi wetu. Asiyetaka zumari na atumie dufu, au sauti tupu ya binadamu. Mtoto mgonjwa asinyimwe tiba kwa sababu ya mabishano yetu ya barazani.

Na tusisahau tulikotoka. Mjini Edirne, Sultan Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika huko karne ya 17, aliandika kwamba wapiga muziki kumi walikuwa wakija mara tatu kwa wiki kuwatuliza wagonjwa. Mgonjwa hakulipa kitu. Kulikuwa na wakfu, na wakfu ndio uliowalipa matabibu na wapiga muziki. Jengo lile leo ni makumbusho. Sisi Waislamu tunalitaja kwa fahari, lakini ule wakfu hatuuigi.

Hapa Burundi haja ni kubwa. Vita vilivyoanza 1993 vimeacha watu wazima wanaoshtuka mlango ukigongwa, na mwaka 2015 uliwaongeza wengine. Kamenge kuna kituo cha wagonjwa wa akili kinachoendeshwa na watawa wa Kikatoliki wa Frères de la Charité, na wanapokea kila mtu, Waislamu nasi tukiwemo. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini kituo kimoja hakiwezi kubeba mji. Na tusiseme hatuna muziki wa kutuliza. Mrundi gani hajui inanga, inayopigwa taratibu huku mpigaji akinong'ona maneno badala ya kuimba? Wazee wenye ujuzi huo bado wapo, na malipo yao hayafikii bei ya hedifoni moja ya Ulaya.

Rai yetu ni hii. Kabla ya muziki wowote, masikio yapimwe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa, na usaha wa masikio ni mojawapo. Kisha kila msikiti wenye maduka ya kukodisha utenge sehemu ya kodi hiyo iwe wakfu wa kumsomesha mtu mmoja, mama au kijana, akarudi kuwahudumia watoto wa mtaa mzima bila kuuliza dini wala kabila. Na wale wanaouza kaseti na CD za "tiba" kwa bei ya kumkomoa mama mwenye shida, tuwaambie wazi kwamba hiyo si tiba.

Yule mtoto sasa hukaa karibu na mlango. Wenzake wakisoma kwa pamoja yeye hutoka nje, na mwalimu mmoja humsomesha peke yake kwa sauti ya chini. Ameshika sura nne. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo aje Alhamisi baada ya Alasiri, siku hiyo hakuna darsa na madrasa iko kimya.

Wabillahi tawfiq.