Kamĩrĩĩthũ si Sura ya Wasifu: Kituo cha Sanaa na Kosa la Wahakiki

Utangulizi

Katika tasnifu na mihadhara mingi inayohusu tamthilia ya Kenya, Kamĩrĩĩthũ hutajwa kwa heshima, kisha huachwa. Hutajwa kama sababu ya kuwekwa kizuizini kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, au kama daraja alilovuka kutoka Kiingereza kwenda Kigĩkũyũ. Kituo kizima cha sanaa kimegeuzwa kuwa sura moja katika wasifu wa mtu mmoja. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo ni kosa la kihakiki, wala si upungufu mdogo wa kihistoria. Huwapokonya wanakijiji utunzi wao, na huwanyima wahakiki nafasi ya kuelewa jinsi kituo cha sanaa kinavyoitumikia jamii na wasanii wake. Tangu Ngũgĩ afariki Mei 28, 2025, hatari ya kosa hilo imezidi, kwani sifa za marehemu mashuhuri humeza kwa urahisi kazi ya wenzake wasiojulikana.

Kituo kama Mahali pa Utunzi

Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru, kiliasisiwa katika miaka ya Hali ya Hatari ya 1950. Miongoni mwa wakazi wake walikuwamo wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na vijana wasio na ajira. Kituo cha Elimu na Utamaduni cha hapo kilianza shughuli zake mwaka 1976 kwa kisomo cha watu wazima, tamthilia ilifuata. Mfuatano huu una maana kubwa. Sanaa haikushushwa kijijini kama msaada wa chakula. Ilichipuka mahali ambapo watu walikuwa tayari wamekwisha kuketi pamoja kujadili maisha yao.

Jalada la Ngaahika Ndeenda, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, lina majina mawili: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Jalada halisemi uongo, ila halisemi yote. Mazoezi yaliyoongozwa na Kĩmani Gecaũ mwaka 1977 yalifanywa hadharani, na aliyetaka kuja kutazama na kukosoa hakuzuiwa. Mzee akisikia mhusika anasema maneno yasiyolingana na umri wake, alimsahihisha. Anayekijua kiwanda kwa jasho lake alikuwa na la kusema kuhusu kiwanda. Sehemu ya gĩtiiro, yaani majibizano ya nyimbo za arusi, ilitokana na ujuzi wa wenyeji, si wa maktaba. Ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu wapatao 2,000 ulijengwa kwa mikono ya wanakijiji wenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Katika idara za fasihi, uhakiki huja baada ya kazi kuchapishwa, nao huandikwa na mtu asiyeweza kuibadilisha hata nukta. Kamĩrĩĩthũ uhakiki ulikuwa sehemu ya utunzi. Mhakiki alikuwa jirani, na neno lake liliweza kuibadili matini kabla haijafika jukwaani. Kwa msanii wa mahali hapo, hiyo ndiyo huduma iliyo kuu: kupewa lugha anayoimudu, wakosoaji wanaoyajua anayoyasema, na hadhira itakayomdai ukweli. Ukumbi wa taifa jijini Nairobi haukuweza kutoa hayo. Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilipewa siku chache tu katika Ukumbi wa Kitaifa, ilhali maonyesho ya kigeni yalitengewa muda wa kutosha.

Pingamizi Mbili

Wapo wanaodai kwamba kituo hicho kiliegemea mno wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwamba pasipo wao kisingalidumu. Historia haiungi mkono dai hili. Maonyesho yalianza Oktoba 2, 1977. Novemba 16 yakapigwa marufuku. Desemba 31 Ngũgĩ akawekwa kizuizini pasipo kushtakiwa, naye hakuachiliwa hadi Desemba 1978. Kama kituo kingalikuwa kivuli cha mtu mmoja, kingalitoweka naye. Badala yake kilirejea na Maitũ Njugĩra. Ukumbi wa Kitaifa ulipofungiwa kundi hilo Februari 1982, maelfu walifurika chuoni kutazama mazoezi. Mwezi uliofuata, kituo kilipokonywa kibali na ukumbi wa kijiji ukabomolewa. Mwaka 1977 dola ilimfunga mtunzi. Mwaka 1982 ilibomoa jengo. Dola ilikuwa imeng'amua kwamba mtunzi hakuwa mmoja. Ni aibu kwamba polisi walilielewa jambo hili mapema kuliko wahakiki.

Pingamizi ya pili husikika hasa miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili: kwamba sanaa ya Kigĩkũyũ ilitumikia kabila, si taifa. Wanaosema hivi huisahau Maitũ Njugĩra, iliyokusanya nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Aidha, huchanganya upana wa lugha na uzito wa huduma. Tamthilia ya Kiswahili inayosomwa nchi nzima kwa ajili ya mtihani, kisha ikasahauliwa siku ya pili, haijalitumikia taifa kwa kuwa tu imeandikwa kwa lugha ya taifa. Taifa ni jumla ya mitaa na vijiji. Kiswahili kitastahili kujisifu pale wakazi wa Majengo au Kibokoni watakapokuwa na haki ya kuisahihisha tamthilia inayowahusu kabla haijachapishwa.

Hitimisho

Mei 2022, Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa, na wengi waliona kwamba haki imetendeka. Haki hiyo ilikuwa nusu. Matini ilirudi; kituo hakikurudi. Uhakiki unaoridhika na matini peke yake hauwezi hata kuiona tofauti hiyo.

Kituo chochote cha sanaa kinachodai kuitumikia jamii, kiwe cha kanisa, cha wafadhili au cha serikali, hakina budi kuulizwa maswali matatu. Nani huchagua lugha? Nani ana haki ya kubadilisha matini? Mfadhili akiondoka, ni ujuzi gani utabaki mikononi mwa wenyeji? Idadi ya maonyesho na ya watazamaji haitoi jibu la hata moja kati ya maswali hayo.

Idara za fasihi nazo zina deni. Walioigiza na kukosoa mwaka 1977 wakiwa vijana sasa ni wazee, na mwanafunzi wa uzamili anayeandika kuhusu tamthilia hiyo bila kuwatafuta anaandika nusu ya ukweli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Uhakiki unaoendelea kukisifu kidole kimoja utawazika waliobaki bila majina, na mazishi hayo hayatakuwa kazi ya serikali.