Bei Kamili kwa Kitu Kamili

Mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu, fundi seremala mmoja alituletea shuleni madawati arobaini tuliyokuwa tumeyaagiza. Yalikuwa na miguu na mbao za kuandikia, lakini mbao za kukalia hazikuwapo. Akaniambia, "Mwalimu, nilipe zote leo, za kukalia nitazileta mwezi ujao." Nilimlipa nusu. Alinuna, akaondoka akisema kwamba mimi ni mtu mgumu.

Nimemkumbuka fundi huyo kwa sababu ya mjukuu wangu. Ni kijana mwenye kazi Dar es Salaam, ila mshahara wake bado ni wa kuanzia. Alipokuja kunisalimu alileta mashine yake ya gemu, akaiunganisha na televisheni yangu. Alikuwa na gemu mpya aliyoinunua kwa dola 70, yaani zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Akaitia diski. Mashine ikamwambia asubiri, kwani sehemu kubwa ya gemu haikuwamo ndani ya diski, sharti ivutwe kwa intaneti. Bando lake likaisha kabla ya nusu ya kazi.

"Ndivyo zilivyo siku hizi, Babu," akasema bila hasira. "Na hata ikiingia yote, bado ina makosa. Watairekebisha baadaye."

Kilichonikera ni kule kukosa hasira.

Msomaji asinielewe vibaya. Wako wazee wenzangu wanaosema kwamba fedha iliyotolewa kwa mchezo imetupwa baharini. Mimi simo. Nimecheza bao tangu ujana wangu, na najua kwamba mashimo 32 na kete 64 vinaweza kumfundisha mtu hesabu na subira kuliko vitabu vingine. Gemu moja kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa: wachoraji, wanamuziki, waandishi, mafundi wa kompyuta. Wote wana watoto wa kulisha. Wala sitawalaumu wenye kampuni kwa kupandisha bei peke yake. Huko Marekani gemu kubwa zilikaa kwenye dola 60 tangu mwaka 2005 hadi 2020, huku fedha ikizidi kupungua thamani. Kisha zikaanza kuuzwa dola 70, na mwaka 2025 Nintendo ikaiuza Mario Kart World kwa dola 80. Mimi ningeuliza swali moja tu: kwa bei hiyo, mnunuzi anapewa nini mkononi?

Mara nyingi hupewa kitu kisichokwisha kutengenezwa. Tarehe 10 Desemba 2020, kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa Cyberpunk 2077 kwa dola 60. Kwenye mashine za zamani ilikuwa ikikwama na kuzimika ovyo, hata baada ya siku nane Sony ikaiondoa dukani kwake na kuwarudishia watu fedha. Ilirejeshwa Juni 2021. Leo gemu hiyo inasifiwa, na waisifuo hawasemi uongo. Lakini tazama nani aliumia. Aliyelipa bei kamili siku ya kwanza alifanywa mkaguzi asiye na mshahara, na aliyesubiri akapata kitu bora kwa bei ndogo. Ni biashara ya ajabu hii, inayomwadhibu mteja mwaminifu kuliko wote.

Mara nyingine hupewa kitu kisicho chake. Ubisoft ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ikazima seva zake, na aliyeinunua akawa hawezi kuicheza, hata akiwa na diski kabatini, hata akitaka kucheza peke yake. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2024 kwamba muuzaji wa bidhaa za namna hiyo asiandike "nunua" bila kueleza waziwazi kwamba mteja anapewa leseni tu. Bao langu la mninga nililinunua mwaka 1979. Aliyeniuzia hajaja kuziba mashimo.

Tena, akishalipa, hutakiwa alipe upya. Gemu za mpira humuuzia mchezaji vifurushi vilivyofungwa asivyojua ndani mna nani, kama mtu auziwaye mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2018 wakuu wa michezo ya kubahatisha wa Ubelgiji walisema kwamba huo ni ukamari, wakiitaja FIFA 18 kwa jina.

Mjukuu wangu hujitetea kwa saa. "Babu, dola 70 kwa saa mia moja ni rahisi kuliko sinema." Hesabu yake ni sahihi, ila mizani ndiyo mbovu. Nimekaa darasani miaka mingi, nami najua kipindi kimoja chema kinachozidi muhula mzima wa kupoteza muda. Stardew Valley, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ilitolewa mwaka 2016 kwa dola 15 ikiwa imekamilika, na nyongeza alizoitia baadaye hakuzitoza.

Nilimshauri kijana asilipe tena kabla hajajua anachokilipia. Asubiri miezi michache, aulize waliotangulia.

"Lakini Babu, wenzangu wote wanaicheza siku ya kwanza."

Hofu hiyo ya kuachwa nyuma ndiyo inayouzwa kwa dola 70.

Mbao za kukalia zilifika wiki ya pili, kabla ya mwezi alioutaja, nami nikamalizia deni siku ileile. Fundi yule hakuwa mwizi. Aliharakisha kwa sababu nusu ya fedha zake ilikuwa bado kabatini kwangu.