Kipimo cha Upepo kwa Matairi ya Tela

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kwa kupitia Tabora ilitanguliwa na kirangozi, na mwenye msafara akafuata nyuma. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyelemewa na mzigo wake wa ratili 60 au 70 alionekana mapema. Leo dereva avutaye tela kupitia Tabora kwenda Kigoma ni kirangozi asiye na mtu nyuma. Tairi la mbele likipungua upepo, usukani humwarifu. Likipungua la tela, mara nyingi hahisi lolote. Kwa matairi pacha hatari huzidi, kwani moja likiisha upepo, mwenzake hubeba mzigo wa yote mawili, hupata moto, na huweza kupasuka au kuwaka.

Kwa hiyo kifaa kipimacho upepo safarini na kumpasha dereva habari kwa mawimbi ya redio si anasa. Wanunuzi wengi huuliza bei kwanza. Swali lililo bora ni hili: je, kifaa hicho hupima na joto pia?

Sababu yake ni tabia ya gesi. Tairi lililojazwa ratili 100 kwa inchi mraba alfajiri, kwenye nyuzi 20 za Sentigredi, litasoma karibu 112 likifikia nyuzi 50. Likisoma 100 katika joto hilo, si salama: limekwisha kupoteza upepo, na lingepoa lingesoma takriban 90 tu. Joto limeuficha upungufu. Kifaa kisichojua joto kitanyamaza, na dereva ataendelea na safari kwa imani.

Yapo mengine ya kuzingatia. Vipimo vya kufunga juu ya vali huwekwa kwa urahisi, lakini huibwa na kugongwa na mawe. Vya ndani ya ringi husalimika, ila hudai tairi lifunguliwe. Aidha hapana budi kujaribu kama mawimbi yanamfikia dereva kutoka ekseli ya mwisho, tela likiwa na shehena.

Wala kifaa hakifuti wajibu wa kupima kwa geji kila alfajiri, matairi yakiwa baridi. Na tairi lililopata moto lisipunguzwe upepo. Mwenye lori anayefunga vipimo kwenye matairi ya nje tu, ili aokoe fedha, ameacha nusu ya wapagazi wake gizani.